Fungu Lililorudishwa

Baba mkwe wangu hakuwahi kunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mtu akikugombeza unajua pa kushika: unanuna, unasonga ugali kwa hasira, kesho yake mmesahau. Yeye alikuwa ananirudishia tumbaku. Analishika fungu nililolifunga, analigeuza, analisogeza kwenye mwanga wa mlango, halafu analitupa taratibu miguuni kwa mke wake. "Mwambie mwenye fungu hili alitazame tena." Mwenye fungu ni mimi, nimekaa palepale kwenye mkeka, masikio yangu mazima.

Ilikuwa Kabungu, kijiji cha huko Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Mimi nimezaliwa Karema, ziwani, kwenye familia ya watu wa dagaa. Nilipoolewa niliingia kwenye ukoo wa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakafika huku, wakaona majirani wanalima tumbaku, nao wakajifunza. Kwao mkamwana na baba mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hampeani kitu mkononi. Ukitaka kumpa maji unaweka kikombe chini, unasogea, naye anakiokota. Ukiwa na neno unamwambia mama mkwe, naye analirudia kwa sauti, hata kama mwenyewe amekwisha kulisikia. Nilipokuwa bibi harusi niliona hiyo ni heshima nzuri, tena inapunguza maneno nyumbani. Sikujua bado kwamba nitashinda na mzee huyo banda moja, mwezi baada ya mwezi, tukichambua majani.

Asiyeijua tumbaku anadhani kazi yake iko shambani. Shambani ni mwanzo tu. Majani yakishavunwa yanatundikwa kwenye bani, kile kijumba kirefu cha matofali ya udongo, yanakaushwa kwa moto mpaka yabadilike rangi. Yakitoka humo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu kila jani lazima likae na wenzake. La chini ya mche na la chini, la juu na la juu. Lenye rangi ya limau mbali, lenye rangi ya chungwa mbali, lenye madoa mbali, lililoungua mbali, na lile lililobaki na ukijani lisionekane kabisa. Unayafunga mafungu madogo, mafungu yanashindiliwa na kushonewa ndani ya gunia, hilo ndilo robota, na robota ndilo linalokwenda sokoni.

Na kiangazi majani hayamsubiri mtu. Asubuhi na mapema, yakiwa yamevuta unyevu, yanashikika kama kitambaa. Jua likipanda yanakuwa kama maganda ya kitunguu, ukiyagusa yanavunjika. Ukiyanyunyizia maji mengi ili yalainike, yanaota ukungu na hakuna atakayeyanunua. Kwa hiyo kila unapolishika jani kwa mara nyingine unalipunguzia kitu. Hilo mimi mtoto wa dagaa nililiona msimu wangu wa kwanza. Baba mkwe, bingwa wa kijiji kizima, hakutaka kuliona.

Maana alikuwa bingwa kweli, siwezi kumnyima. Sifa zake zilifika mpaka Kakese. Watu walikuja kutazama marobota yake kama wanavyokwenda kutazama ng'ombe wa mahari. Waliniambia nimeolewa pazuri. Mimi niliwatazama kwa mikono iliyojaa gundi nyeusi ya tumbaku, gundi isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga, ugali wangu mwenyewe ukiwa mchungu kinywani kwa ajili yake, nikasema ahsanteni. Kwetu Karema dagaa akikauka amekauka. Anaingia kwenye gunia na wenzake, wakubwa kwa wadogo, na hakuna mtu anayemgeuza mmoja mmoja kumuuliza ana doa gani.

Aliyetufanya tuishi alikuwa mama mkwe. Nilimwita mayu, kama wanawe walivyomwita. Siku za mwanzo, fungu langu likirudishwa, nililifungua lote na kuanza upya. Siku moja mayu alinizuia kwa kidole. Akalichukua fungu lile, akaliweka mapajani juu ya kanga yake, akaendelea kuchambua mengine huku akiimba chinichini. Baadaye kidogo akalitoa lilelile, hajaligusa hata jani moja, akampa mumewe. Mzee akaligeuza, akalisogeza mlangoni, akalinusa.

"Sasa hili ndiyo fungu," akasema.

Nusura nicheke. Ilibidi nijikohoze mpaka machozi yakatoka. Tangu siku ile ndiyo ikawa kazi ya mayu. Mzee anarudisha, mayu anapakata, anaimba, anampa tena, mzee anasifu. Kazi inasonga. Tulipokuwa kisimani nilimuuliza kama mwenzake hajui.

"Yule macho yake hayajui kuacha," mayu aliniambia. "Mtoto unamwachisha ziwa, si ndiyo? Basi yule mimi namwachisha tumbaku."

Halafu, misimu kadhaa baadaye, mayu akaanza kumimina maji pembeni ya kikombe. Akatia chumvi kwenye sufuria ya chai. Tulimcheka, naye akajicheka, tukasema ni uzee unabisha hodi. Mpaka asubuhi moja bandani, mzee aliporudisha fungu langu, mayu akalipakata kama kawaida, akaimba, halafu akanyoosha mkono kumpa. Lakini mkono wake ulikuwa umekwenda upande mwingine, kwenye rundo la majani yaliyoungua. Alimpa mumewe fungu lenye baka jeusi la kuonekana tangu mlangoni.

Baba mkwe alilipokea. Hakuligeuza. Alimtazama mke wake usoni, kisha akapitisha kiganja mbele ya macho yake, kulia, kushoto. Mayu hakupepesa. Alikuwa anatabasamu tu, anangoja aambiwe sasa hili ndiyo fungu.

Hospitalini Mpanda walisema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Walisema yanatibika, lakini mpaka aende Tabora kwa treni, kwa daktari wa macho anayefika huko wakati wa kiangazi, anakaa muda, anapasua watu, anaondoka. Akiondoka ameondoka mpaka mwaka mwingine. Hapo hatukuhitaji kikao. Tumbaku ya msimu ule ikawa ya macho ya mayu. Nauli, matibabu, chakula cha huko, vyote vilikuwa vimetundikwa ndani ya bani letu, na kila mtu nyumbani alijua.

Ungedhani sasa mzee ataharakisha. Akawa mbaya mara mbili.

"Tumbaku ya macho ya mama yenu haiwezi kwenda na doa," alimwambia mume wangu, nami nikiwa nasikia. Aliamini kwamba robota likiwa safi kabisa litapata daraja la juu kabisa, na mayu atapata kila anachohitaji bila kuomba mtu. Nia ilikuwa njema, nani atabisha? Lakini chama cha msingi cha wakulima kilipotangaza soko la kwanza, sisi hatukuwa tayari. Majirani walipakia, sisi tunachambua. Lilipotangazwa soko la pili marobota yetu yalikuwa yameshashonwa, nikashusha pumzi. Siku moja kabla ya soko mzee akachukua kisu akakata nyuzi zote. Alikuwa ameota kuna majani ya juu yamechanganyika na ya kati. Ameota! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikauma kanga yangu ili nisipige kelele.

Mayu hakuingia tena bandani. Mzee alimkataza, akasema apumzike. Alikaa jikoni akimenya karanga kwa kupapasa, akiuliza kila anayepita kama jua limefika wapi. Kwa hiyo pale kati yangu na baba mkwe pakabaki mkeka mtupu. Yeye hakubadili desturi. Alilitupa fungu langu juu ya mkeka ule na kusema, "Mwambie mwenye fungu hili alitazame tena." Alikuwa anamwambia nani? Mkeka.

Nilijaribu ujanja wa mayu. Nililipakata fungu, nikasubiri, hata nikaimba, halafu nikaliweka chini ili aliokote. Aliligeuza mara moja tu.

"Fungu hili halijaguswa," akauambia mkeka.

Nilichoka kwa namna ambayo sijachoka tena maishani, na nimezaa, na nimezika. Si uchovu wa mgongo. Ni uchovu wa kufanya jambo vizuri, ukajua ni zuri, ukaambiwa bado, ukafanya tena likawa baya zaidi kwa sababu ya kulifanya tena. Kila asubuhi jua lilipopanda na majani yakaanza kulia mikononi, nilichukua ufagio nikakusanya vipande vilivyovunjika. Beseni zima, kila siku. Nilikuwa nafagia macho ya mama mkwe wangu na kuyamwaga jalalani.

Nilimwambia mume wangu aseme na baba yake. "Mzee anajua anachofanya," akanijibu, akaenda kuchunga. Mume wangu alikuwa mwanaume hasa mbele ya fisi. Mbele ya baba yake alikuwa anatafuta fimbo yake chini, ambayo ilikuwa mkononi.

Ikatangazwa siku ya soko la mwisho. Mayu alitangulia Mpanda mjini, kwa dada yake, ili awe karibu na stesheni. Alipoondoka alinishika mashavu kwa mikono miwili, akayapapasa kama anayetaka kuyakariri. "Mkamwana, mwachishe," akaniambia. Nikasema ndiyo mayu, bila kujua nitamwachishaje mtu ambaye siruhusiwi hata kumwambia habari za asubuhi.

Asubuhi ya soko mkokoteni ulikuwa uwanjani, ng'ombe wamefungwa nira, mume wangu amesimama mbele yao na kamba. Marobota yote yamepakiwa isipokuwa la mwisho. Niliingia bandani kulichukua, nikamkuta baba mkwe amepiga magoti, anakata uzi. Tayari ameshatoa mafungu kadhaa na kuyatandaza. Mwanga wa jua ulikuwa umeingia mpaka katikati ya banda, na nilisikia majani yakivunjika chini ya vidole vyake, kra, kra. Akachukua fungu moja, la kwangu, nalijua, akalitupa kwenye mkeka.

"Mwambie mwenye fungu hili..."

"Baba," nikasema, "mayu hayupo. Mkeka hausikii. Niambie mimi."

Nje nilisikia mume wangu akiwaachia ng'ombe kamba. Mimi mwenyewe nilishtuka, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Macho ya mayu yanavunjika mikononi mwako. Sikia! Huyasikii? Soko ni leo. Treni haitungoji, daktari hatungoji. Hiyo tumbaku ni safi tangu mwezi wa tano. Ilikuwa safi!"

Hakunitazama. Alikaa chini, mzee mzima, miguu ameinyoosha kama mtoto, na akaongea na mimi kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

"Unadhani nilikuwa sijui?"

"Unajua nini, baba?"

"Alikuwa ananirudishia fungu lilelile. Miaka yote. Fundo lako nalijua, unafunga kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa naliona ni lilelile."

"Sasa kwa nini ulikuwa unasema ni zuri?"

"Ili niache," akasema. "Mimi peke yangu siwezi kuacha. Kila jani nikilitazama naliona doa lake. Alikuwa ananipa nafasi ya kuacha, basi naishika. Sasa nani ananipa?"

Wengine wangemhurumia. Mimi nilipandwa na hasira upya. Miaka yote nimefungua mafungu, vidole vimepasuka, nimejiona mjinga nisiyeweza kutofautisha limau na chungwa, kumbe mtu anajua! Anajua kabisa kwamba fungu linafaa, ila anangoja mtu mwingine amtoe humo kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Na sikuwa na muda wa kumwambia hayo. Nilichukua sindano ya gunia, nikatia uzi, nikamnyooshea. Mkononi. Alitazama mkono wangu kama kitu kilichodondoka kutoka juu, halafu akaipokea.

"Shona wewe," nikamwambia. "Mimi nashindilia."

Akashona. Nilirudisha mafungu yote ndani, likiwemo lile la kwenye mkeka, nikayakalia kwa magoti, naye akashona huku nikimwona anavyojizuia, shingo imekakamaa, jasho linamtoka. Kila sindano ilipopita alivuta pumzi. Lilikuwa jambo gumu kuliko kulima, nililiona hilo hata katika hasira zangu. Tulipolibeba kwenda kwenye mkokoteni mume wangu alikuwa bado ameduwaa. Nilimwambia aishike kamba tena.

Sokoni marobota yalipangwa safu ndefu kwenye uwanja wa ghala. Mteuzi, yule anayepanga madaraja, alikuwa kijana mwenye kofia, anatembea kwa haraka, karani nyuma yake. Akifika kwenye robota anavuta fungu moja kutoka katikati, analitazama muda wa kupiga chafya, anataja daraja, anasonga. Alifika kwetu. Akavuta, akatazama, akataja. Akavuta, akatazama, akataja. Robota la mwisho, lile tulilolishona kwa ugomvi, alilipa daraja sawa na mengine yote. Na jirani yetu, ambaye watoto wake walichambua huku wakirushiana majani, alipata daraja hilohilo.

Baba mkwe alibaki amesimama, kofia mkononi. Ajabu ni kwamba hapo ndipo nilipomwonea uchungu. Nilitaka kumkimbilia yule kijana nimshike shati, nimwambie rudi, tazama vizuri, kuna mtu ametoa roho yake humo ndani, wewe unaipita kama unahesabu kuku. Lakini safu ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali.

Mayu alipanda treni na mume wangu. Walifika Tabora daktari akiwa anakaribia kuondoka, na watu ni wengi. Alimfanyia jicho moja. La pili akaambiwa arudi mwaka mwingine, na mwaka huo mwingine haukufika, kwa sababu ya mambo ambayo kila mkulima anayajua. Jicho la pili la mayu lilibaki kwenye yale masoko mawili tuliyoyakosa. Nimesema sitalisamehe hilo, na nimelisamehe mara nyingi, na bado linanirudia nikiwa nachambua mchele.

Maneno yangu ya bandani hayakutoka nje. Mume wangu hakuyasema kwa ndugu, mzee hakuyapeleka kwa wazee wa ukoo, na mimi sikutozwa faini ya kuvunja mwiko. Kesho yake niliweka kikombe cha maji chini, nikasogea, baba mkwe akakiokota. Tulirudi tulikotoka.

Msimu uliofuata mayu aliingia bandani tena. Akakaa mahali pake katikati, jicho moja safi, jingine na wingu lake. Sikumbuki kama kuna siku nimefurahi kuuona mgongo wa mtu namna ile. Haikupita muda, fungu langu likaruka na kutua miguuni kwake.

"Mwambie mwenye fungu hili alitazame tena."

Mayu akaliokota. Safari hii hakulipakata moja kwa moja. Alilileta karibu na lile jicho lake zima, akaligeuza jani kwa jani, akitazama kwa uchu, kama mtu aliyenyimwa kutazama kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia.

"Mkamwana," akanong'ona, "lina doa kweli."

Nikatazama. Lilikuwa na doa. Dogo kama punje ya ufuta, kwenye jani la ndani kabisa, lakini lilikuwepo. Damu ikanipanda. Yaani mpaka mayu sasa? Nikanyoosha mkono nilichukue nilifungue, nianze upya, nife humohumo. Mayu akanizuia kwa kidole. Akalisogeza fungu polepole kutoka kwenye jicho lake zima mpaka kwenye lile bovu, akalishika pale, akalitazama kwa makini.

"Huku halina," akasema.

Akaliweka mapajani, akaimba wimbo wake wote, halafu akampa mumewe. Mzee akaligeuza, akalisogeza mlangoni kwenye mwanga, na niliona kidole chake kikienda moja kwa moja kwenye jani la ndani, kikasimama pale.

"Sasa hili ndiyo fungu," akasema, akaliweka upande wa yaliyokwisha.